HESABUNI WATU, SI MIRIJA

Mwezi wa Aprili, 2025, shirika la Wikimedia Foundation la Marekani, lenye kuendesha kamusi elezo ya Wikipedia, lilitoa taarifa ambayo yafaa kila mfanyakazi aifikiri. Lilisema kwamba tangu Januari, 2024, mzigo wa kupakua picha na filamu kutoka seva zake ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 50. Ongezeko hilo halikuletwa na wasomaji. Lililetwa hasa na mitambo ijiendeshayo, itumwayo kukusanya maarifa ya kufundishia akili bandia. Mitambo ilifungua kurasa 35 tu katika kila kurasa 100, lakini katika kazi iliyo ghali kupita zote, asilimia 65 ilikuwa yake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Sisi hatukubali. Kugawa kitu kichache kwa watu wengi ni jambo la haki, na haki si siri ya mafundi.

Seva ya kupakulia ni kama bomba la mtaa: maji yatokayo kwa dakika yana kiasi chake. Kila programu ikitaka kupakua hufungua njia yake hadi kwenye seva. Njia hiyo na tuiite mrija. Sheria za kugawana njia zilitungwa baada ya msongamano mkubwa wa Oktoba, 1986, ambapo kasi baina ya maabara moja na chuo kikuu cha Berkeley, mahali palipo karibu kabisa, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Sheria hizo ziliokoa mtandao. Lakini ndani yake mna kasoro: hugawa sawa baina ya mirija, si baina ya watu.

Tupige hesabu. Seva yatoa biti bilioni 1 kwa sekunde, na watu 100 wanapakua. Kila mmoja akiwa na mrija mmoja, atapata biti milioni 10. Sasa mmoja wao atumie programu ifunguayo mirija 20. Mirija yote itakuwa 119. Bwana huyo atapata biti milioni 168, na wenzake 99 watapata milioni 8.4 kila mmoja. Hakuvunja sheria yo yote. Amekuja bombani na ndoo ishirini, basi.

Hapana shaka, basi, kwamba wenye seva hawana budi kuweka mipaka. Lakini mpaka ukiwekwa vibaya humwonea mnyonge. Wengi wao huhesabu kwa anwani ya intaneti, wakidhani kwamba anwani moja ni mtu mmoja. La hasha! Anwani za mtindo wa zamani, ambazo zingali zikitumika sana, hazizidi bilioni 4.3 duniani, na ghala kuu la kuzigawa lilikwisha Februari, 2011. Bara zima la Afrika halikupata hata asilimia 4. Tangu Januari, 2020, ofisi ya kugawa anwani za Afrika, iliyoko Mauritius, haitoi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ofisi au chuo kizima hutoka kwa mlango mmoja.

Matokeo yake ni haya. Wafanyakazi arobaini wa ofisi moja huhesabiwa kuwa mlafi mmoja, wakafungiwa. Tajiri mwenye mitambo iliyotawanywa katika anwani elfu huhesabiwa kuwa watu elfu wenye kiasi, akapita. Kipimo kilichowekwa kumzuia mkubwa kimegeuka kamba shingoni mwa mdogo.

Sisi twasema hivi. Kwanza, mgawo uwe kwa mteja, si kwa mrija. Pili, ubane wakati wa msongamano tu, kwani kumnyima mtu usiku wakati bomba halina foleni ni kumwaga maji. Tatu, walio nyuma ya anwani moja wapewe njia ya kujitambulisha ili kila mmoja ahesabiwe peke yake. Nne, watakao ghala zima waelekezwe mlango wa jumla, na wenye kuchuma faida humo wachangie gharama.

Nasi pia tuna wajibu. Ofisi yenye kompyuta hamsini haina sababu ya kupakua kitu kile kile mara hamsini kutoka ng'ambo. Na ipakue mara moja, iweke nakala nyumbani, igawane.

Mgawo si adui wa uhuru. Adui ni mgawo usiojua kuhesabu watu.