Acheni kumkemea shosho, mpelekeni apimwe

Neno la leo ni chungu kidogo, na najua kuna watumishi wenzangu halitawapendeza.

Shosho wa miaka 80, ambaye Jumapili aliimba mapambio na kuwataja wajukuu wote kwa majina, anaamka Jumatano hajui yuko wapi. Anaongea na marehemu mumewe. Usiku halali, anavua nguo, anamtukana mkaza mwana matusi ambayo hakuna aliyejua anayajua. Familia inampigia simu mtumishi. Mtumishi anakuja na chupa ya mafuta, anatangaza ni roho ya ukoo, na mzee anafungishwa siku 3 bila chakula na bila maji.

Bila maji! Mtu ambaye pengine shida yake ilianzia kwenye kukosa maji.

Sikilizeni, mimi naamini Mungu anaponya na naamini mapepo yapo. Nimeyakemea. Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dalili ya hatari ambayo kila daktari anaijua. Huenda ni nimonia, au sukari, au kiharusi, au dawa zinazogongana mwilini. Na huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, hiyo UTI mnayoisikia kila siku. Kijana akiipata anachomeka akikojoa na analalamika. Mzee anaweza kukosa hata homa. Unaona tu amekataa uji, analala mchana kutwa, ameanguka, amejikojolea na hakuwa hivyo. Maambukizi yakipanda kwenye figo na kuingia kwenye damu yanaua, na hayangoji kesha ya Ijumaa iishe.

Kuna kundi la pili. Hawa hawaiti mtumishi, wanakimbia kemisti. "Nipe ile dawa ya mara ya mwisho." Shosho anameza siku 2, akili inarudi, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwenye droo. Mwezi ujao ugonjwa uko mlangoni tena, anapewa nusu ya ile ya droo na nusu ya jirani. Mwaka mzima namna hiyo, halafu naletewa ombi: "Pasta, hii kitu inarudi rudi, kuna mtu ametuloga." Aliyewaloga ni hiyo droo! Mara nyingi ugonjwa huu unaletwa na bakteria wanaoitwa E. coli, ambao makao yao ni matumbo yetu wenyewe. Ukiwapiga kwa dawa isiyofaa au isiyotosha, wanaobaki ni wale sugu.

Ikirudi mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, usikubali kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake. Omba mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Utolewe kabla dawa hazijaanza. Majibu huchukua siku 2 au 3. Na msigeukie upande wa pili pia: wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo na si wagonjwa. Anayekula na kuongea vizuri hapewi antibaiotiki kwa sababu tu karatasi imesema kuna bakteria, wala kwa sababu mkojo unanuka.

Halafu ulizeni kwa nini inarudi. Mama aliyeacha hedhi miaka mingi homoni ya estrojeni imepungua, ngozi ya huko chini imekuwa nyembamba na kavu, na kinga yake ya asili imeshuka. Ipo krimu ya homoni hiyo, inapakwa ukeni, daktari huiandika na inapunguza kujirudia kwa ugonjwa. Lakini nani atauliza? Mtoto wa kiume anaona haya, mkaza mwana anaona haya, mama mwenyewe anaona haya, basi sote tunakubaliana ni mapepo. Kwa baba, tezi dume ikivimba kibofu hakimalizi mkojo. Kisukari, choo kigumu, mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu, vyote hivi vinafungua mlango.

Najua nyumba ambazo mzee ananyimwa maji kuanzia saa kumi jioni ili asilowanishe kitanda. Najua nyumba ambako daipa moja inakaa asubuhi hadi usiku kwa kuwa pakiti ni ghali. Ni ghali kweli, sikatai. Lakini nyumba hiyo hiyo ina ahadi ya ujenzi wa kanisa, na mwenye ahadi anatajwa madhabahuni tukimpigia makofi. Soma Marko 7, mstari wa 9 hadi 13. Yesu aliwakuta watu wanaosema mali yao ni korbani, imeshatolewa kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama wasitarajie kitu. Hakuwasifu kwa utoaji wao. Kama ahadi yako imekula pesa za daipa za mama yako, njoo nikutoe kwenye orodha. Mweka hazina nimeshamwambia.

Mtanijibu kwa habari ya imani. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamjibu kupitia Isaya, na nabii huyo huyo akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. 2 Wafalme 20, someni wenyewe.

Wewe uliye Nairobi au Ghuba, unayetuma pesa kila mwezi, ubarikiwe. Lakini msichana anayemlea mama ulimfundisha nini? Mwambie apanguze kutoka mbele kwenda nyuma. Daipa ibadilishwe ikilowa, na ikiwa na choo isingoje hata dakika. Mama apelekwe msalani kwa saa, asisubiri aombe. Maji kidogo kidogo mchana kutwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, kiasi kiulizwe kliniki. Na kuwe na daftari: tarehe aliyougua, dawa gani, siku ngapi. Daktari atalihitaji kuliko hadithi yako ya simu.

Akitetemeka kwa baridi, akitapika, akishika ubavu au mgongo kwa maumivu, au asipoamka vizuri, ni hospitali usiku huo huo. Nipigieni mkiwa njiani, nitaomba pamoja nanyi kwenye simu.