Koti la Pili Si Anasa
Wanaume tunaokuja kusoma Ulaya hupeana ushauri uleule: nunua koti moja la sufu, jeusi, refu, litakufaa kila mahali. Mimi nimelivaa Edinburgh majira mawili ya baridi: maktaba, sokoni, hata kutupa taka. Niliogopa kwamba Mwafrika asiye nadhifu hufuatwa na mlinzi dukani. Koti likageuka kitambulisho. Na mlinzi alinifuata vilevile.

Basi nasema: nunua la pili, na lisifanane kabisa na la kwanza. Mimi nimechukua koti la Duffel, lenye jina la mji wa Ubelgiji. Wanamaji wa Uingereza walilivaa vitani. Baada ya 1945 yaliyobaki yakauzwa kwa bei rahisi, wanafunzi wakayachangamkia. Lina kofia, maana mwavuli hapa hauna maisha. Vifungo vyake vya mti hufungika hata ukiwa umevaa glavu. Chagua la kahawia, lenye nafasi ya sweta ndani. Tena nunua la mtumba. Nani atatufundisha sisi kuchagua mtumba?

Mlinzi bado ananifuata. Ila sasa simvalii yeye.