Siti ya Nyuma Nayo Ina Mwenyewe

Mwezi huu tunaongelea makalio. Usicheke. Kwenye ukurasa huu tumeshaongea mahari, mawifi, wivu na simu zinazolala chini ya mto, lakini hakuna siku tuliyouliza mtu aliyekaa nyuma ya mpenzi wake kwenye pikipiki kwa saa tatu na ushee anashuka akiwa na hali gani. Na huku kwetu Songea hilo ni suala la mapenzi kabisa.

Naongea na nyie wenzangu mnaofanya kazi: walimu, manesi, watu wa benki, maafisa wa halmashauri. Gari bado liko kwenye mipango, lakini pikipiki ipo na mkopo wake umekwisha. Ijumaa jioni mnatazamana, kesho twende wapi? Mahali papo. Lami iliyofika Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010 sasa inateremka mpaka Mbamba Bay. Unatoka mjini, unapita njia panda ya Peramiho kwa Wabenediktini waliofika tangu 1898, unapanda kwenye milima ya Wamatengo na kahawa yao, halafu kutoka Mbinga ni kilomita kama 67 tu kuikuta Nyasa. Asubuhi mko juu mnatetemeka kwa baridi, mchana mko ziwani mnatafuta kivuli na samaki wa kukaanga. Wikiendi bomba, na haihitaji mshahara wa bosi.

Tatizo ni kwamba safari hizi zinakufa kimya kimya. Na zikishakufa, watu wanaanza kutafuta mchawi.

Nina shosti yangu mmoja hapa mjini. Yeye na mumewe walikuwa na utaratibu wa kwenda ziwani kila baada ya miezi miwili mitatu. Watoto wanabaki kwa bibi, wao wanaondoka alfajiri. Ilikuwa ndiyo siku yao. Nyumbani kuna watoto, kuna shemeji, kuna jirani anayeomba chumvi saa mbili usiku. Njiani ni wao wawili. Alipojifungua mtoto wa pili, visingizio vikaanza. Leo kichwa, kesho kikao cha vikoba, keshokutwa msiba. Mume akavumilia, baadaye akaanza kwenda peke yake, baadaye tena akaanza kuuliza yale maswali ambayo mwanaume anauliza akiwa ameshaamua jibu. Shosti naye akimwona mtu anarudi Jumapili na furaha tele, anakaa anahesabu masaa. Wote wawili walikuwa wanahisi kuna mchepuko, kila mmoja kwa mwenzake! Walifika mahali pa kumwita mshenga.

Nilimbana saluni. Akazunguka weee, mwisho akasema kwa sauti ya chini: "Dada, mimi kifandugu kinaniuma. Tukifika Mbinga natamani nishuke nitembee kwa miguu." Mumewe hajui? Hajui. "Nitamwambiaje kwamba huko ndiko kunauma? Si ataniona bibi kizee."

Mume alipoambiwa alishangaa kwelikweli. Yeye siti anaiona poa sana, maana alikuwa ameinunulia kava la ngozi ya kondoo, lile halisi lenye sufu, akalifunga vizuri kwa mipira. Upande wake. Nyuma ilibaki ile plastiki nyeusi ya kiwandani.

Kina kaka, hapa ndipo nina ugomvi na nyie. Katika siti ile moja, mahali pabaya zaidi ni nyuma. Anayekaa huko yuko karibu kabisa na juu ya tairi la nyuma, kwa hiyo kila tuta na kila shimo linampiga yeye kwanza na kwa nguvu. Wewe unaona shimo linakuja, unajikaza, unanyanyuka kidogo juu ya futresti. Yeye anaona mgongo wako. Wewe una usukani wa kuegemea. Yeye akitaka kujisogeza inabidi akushike kiuno na kuomba ruhusa. Mkipanda milima ya Lukumburu kuelekea Njombe anateleza nyuma, ukishika breki anakuja mbele, na saa zote hizo ngozi yake inasuguliwa na plastiki yenye jasho. Halafu mkifika unamwambia "mbona umenuna, si tumekuja kula raha?"

Sasa hiyo ngozi ya kondoo inasaidia nini? Ukikaa, uzito wako karibu wote unabebwa na mifupa miwili ya kukalia. Siti ikiwa ngumu, nyama iliyo chini ya mifupa hiyo inabanwa, damu haipiti vizuri, na hapo ndipo ganzi na maumivu yanapoanzia. Sufu ina mikunjo midogo midogo kama springi. Maelfu ya nyuzi hizo zinalala na kuinuka pamoja nawe, uzito unatawanyika, na hewa inapita katikati. Isitoshe, sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake bila wewe kuhisi umekalia kitu kibichi. Kwa hiyo jasho linaondoka, na msuguano unapungua. Ndiyo maana marubani wengi wa ndege kubwa wanakalia ngozi ya kondoo huko mbele, na huko Australia hospitali zimezitumia kwenye vitanda vya wagonjwa wasioweza kujigeuza, ili wasipate vidonda.

Wengi wananiuliza, manyoya si yatatuchoma na jua hili? Hapana, ni kinyume chake. Acha pikipiki juani Mbamba Bay saa saba mchana, kalia ile plastiki nyeusi kisha uniambie. Sufu haishiki moto namna hiyo, na Juni ukipita Mbinga asubuhi inakupa joto. Kitu kimoja, kazi mbili.

Lakini angalieni msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Yale makava ya manyoya marefu yenye rangi za kung'aa mnayoyaona kwenye bodaboda mengi ni plastiki tupu. Yanapendeza, sikatai, ila yakishalaliwa wiki mbili yamekuwa kapeti. Kipimo ni rahisi: ng'oa nyuzi chache, ziweke pembeni, ziwashe kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika kwa vidole. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji akikukataza kujaribu, jibu umeshalipata.

Na usikimbilie kwa mchinjaji wa mtaani ukidhani umeokoa hela. Kondoo wetu wengi, yule mwekundu wa Kimasai na yule mweupe wa kichwa cheusi, wana nywele fupi kama za mbuzi, hawana sufu ya kukalia. Kondoo wa sufu wanapenda baridi. Majirani zetu Kenya wanafuga Merino na Corriedale kule nyanda za juu, na ngozi nyingine zinatoka Australia na New Zealand. Kama una ndugu anayekwenda Nairobi, mtume. Mimi ya kwangu niliitoa kwenye mitumba, ilikuwa zulia dogo la pembeni ya kitanda la mzungu fulani, sasa linatembelea Ruvuma.

Fundi wa makochi anaweza kukushonea, ila msimamie. Ngozi inakatwa kwa wembe kutokea upande wa nyuma, si kwa mkasi, la sivyo sufu nayo inakatika na pembeni panabaki kipara. Sufu ya sentimita mbili au tatu inatosha. Ikiwa ndefu mno unaelea na kuteleza. Chini ashone kitambaa kigumu, na mikanda ipite chini ya siti na kukaza barabara, maana kava linalohama wakati wa breki ni hatari kuliko siti ngumu. Na lifike mpaka mwisho wa siti. Nasema tena, mpaka mwisho. Kama ngozi ni ndogo na haitoshi wote wawili, basi ikae nyuma, dereva avumilie. Najua kuna watakaonichukia kwa hilo.

Wale rafiki zangu walifanya hivyo hivyo, ingawa ngozi peke yake haikumaliza kazi, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Maumivu ya kifandugu baada ya kujifungua yanatokea, hayana aibu yoyote, na mahali pake pa kwanza ni hospitali. Shosti alikwenda, akaonwa, akaambiwa apumzike pikipiki kwa miezi kadhaa na akae kwenye mto wenye nafasi iliyokatwa upande wa nyuma, kifandugu kisiguse kitu. Mume akampeleka mwenyewe, kwa daladala! Ngozi ilikuja baadaye, siti nzima. Sasa wanakwenda tena, ila wanasimama kila baada ya kilomita hamsini hivi, wananyoosha miguu, Mbinga wanakunywa kahawa bila haraka. Safari imekuwa ndefu zaidi na mume analalamika kidogo. Mwache alalamike.

Vilevile ngozi haifufui sponji iliyokufa. Bonyeza siti kwa kidole gumba. Ukigusa bati chini, badilisha sponji kwanza. Haitengenezi shokapu zilizovuja wala haivai helmeti kwa niaba yenu, na helmeti ni mbili, siyo moja ya dereva na kitenge cha mama.

Kuhusu usafi, msiifue kwa sabuni ya unga na maji ya moto kama mashuka. Ngozi itakakamaa ipasuke. Maji ya baridi, sabuni laini kidogo, shampuu ya nywele inafaa. Ianike kivulini, sufu ikiangalia juu, na ikikaribia kukauka ivute vute kwa mikono irudie ulaini, kisha ichane kwa brashi. Safari ikiisha itoe kwenye pikipiki, isilale nje na umande.

Na mvua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili huku kwetu mvua si mchezo, na sufu ikishalowa kabisa inachukua siku mbili tatu kukauka. Zamani tungesema beba mfuko wa plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kipande cha turubai kinatosha. Shosti yeye ana ujanja wake: anabeba zile kofia za plastiki za saluni, kubwa kubwa zenye mpira pembeni. Mbili zinafunika siti yote, moja mbele, moja nyuma, na mvua ikikata anazikung'uta na kuzirudisha kwenye pochi. Mume anaona aibu wakipita stendi.