Majina haya yakome shuleni

Kila Januari maduka ya sare mjini Meru na Embu hufurika. Muuzaji humzungushia msichana utepe kiunoni, kisha huitangaza namba kwa sauti ili mwenzake ateremshe sketi. Mtu kwenye foleni hudakia: "Huyu amemzidi mamake!" Msichana wa miaka 14 hunyamaza, akivuta sweta lishuke. Muhula ukianza, githeri yake huishia kwenye bakuli la jirani.

Mvulana naye hupata yake. Akitoka jandoni Desemba, wajomba humkagua mabega na kifua. Akiwa mwembamba huitwa Ufito, na jina humfuata hadi bwenini. Wa Igembe, kaunti ya Meru, au Mbeere, kaunti ya Embu, ana hatari nyingine, isiyotajwa kwa kuwa ndiyo inayolipa karo: miraa na muguka huua njaa. Anayetafuna jioni hali chajio. Hukonda, huchekwa, hutafuna tena. Mei 2024, baadhi ya kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka, viongozi wa Embu waliitetea hadi Ikulu. Tunadai sauti hiyo hiyo iwakinge watoto wa mashamba ya miraa na muguka.

Uzito una maana, hatukatai. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wamezidi uzito unaofaa. Lakini msichana anayebalehe huongeza mafuta nyongani na mapajani, ndivyo alivyoumbwa. Mvulana hutangulia kurefuka, misuli hufuata baadaye. Ndiyo maana chati za Shirika la Afya Duniani za 2007 humpima mwenye miaka 5 hadi 19 kwa umri na jinsia yake. Jicho la mjomba halina chati.

Wenye hatia ni sisi watu wazima. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia: faini hadi Sh100,000, kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Mwalimu anayemwita mtoto Kibonge mbele ya gwaride asijifiche nyuma ya kicheko cha darasa.

Mizani ibaki kwa muuguzi, mlango ukiwa umefungwa. Na bodi za shule zikutane kabla ya muhula ujao, ajenda ya kwanza ikiwa majina hayo na walimu wanaoyatumia.