Kalemie: filamu za tuzo kubwa, na swali la mama mmoja juu ya waliochomewa nyumba

Kalemie – Kila Jumamosi jioni, katika kata moja karibu na ziwa, fundi cherehani mmoja kijana anafunga kazi mapema. Anaweka kompyuta yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, anaunganisha bafle moja na betri ya pano ya jua, na majirani wanakuja kila mtu na kiti chake. Wakaaji wa zamani wako, na familia zilizokimbia vita ziko pia. Fundi mwenyewe ni mkimbizi wa ndani: alitoka upande wa Fizi, na sasa anakaa kwa shangazi yake. Hakuna kulipa. Mwenye franka 200 anatoa, asiye nazo anaangalia bure.

Filamu nyingi ziko kwa Kifaransa. Fundi anasimama pembeni, anatafsiri kwa Kiswahili, na katikati ya kutafsiri anachanganya maoni yake. Huyu ameigiza vizuri. Yule hakustahili tuzo. Hapa wamedanganya. Watoto wanamuita «yaya fundi», na wengine wanakuja kwa ajili ya maoni hayo kuliko kwa ajili ya filamu.

Juma mbili zilizopita alionyesha «The African Queen», filamu ya mwaka 1951 iliyotengenezwa na John Huston. Ni ya zamani, lakini inahusu watu wa hapa kuliko wanavyofikiri. Sehemu ya picha zake ilichukuliwa kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, wakati Congo ilikuwa bado ya Wabelgiji. Nyingine zilichukuliwa Uganda. Humphrey Bogart alipata kwa filamu hiyo Oscar yake moja tu katika maisha yake yote. Katharine Hepburn, aliyecheza naye, aliteuliwa lakini tuzo ya mwaka ule ilikwenda kwa Vivien Leigh.

Fundi hakubaliani. Anasema Bogart alipewa tuzo kwa kulewa na kuiga sauti ya kiboko, na mambo hayo yanafanywa na watu wengi bandarini bila kupewa kitu. Kazi nzito, anasema, ni ya yule mama wa misheni: anaanza filamu akiwa amenyooka kama mti, na anaimaliza akiwa ameshika usukani wa mashua iliyooza, baada ya kumwaga pombe yote ya mwenzake mtoni. Wamama walipiga makofi pale pombe ilipomwagwa. Wababa walinyamaza.

Lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni swali. Mwanzoni mwa filamu kuna kijiji. Watu wanaimba kanisani na muhubiri Mzungu na dada yake. Kisha askari wa Wajerumani wanafika, wanachoma nyumba, wanaswaga watu. Muhubiri anapata wazimu kwa uchungu na anakufa. Dada yake anapanda mashua na yule mlevi, na kuanzia hapo filamu inakwenda na hao wawili mpaka mwisho. Filamu ilipoisha, mama mmoja aliyefika Kalemie na watoto wanne aliuliza: «Sasa wale waliochomewa nyumba walikwenda wapi?»

Fundi alirudisha filamu nyuma, akatafuta. Hakuna. Kijiji kinaungua dakika chache tu, na wenye kijiji hawaonekani tena. Hakuna anayetaja mahali walikokimbilia.

Ni swali zuri kuliko mengi yanayoandikwa na wataalamu wa sinema. Mtu ambaye hajawahi kukimbia anaangalia moto ule kama mlango wa kuingia katika hadithi. Aliyekimbia anaangalia njia ya nyuma ya nyumba: nani amebeba mtoto, nani amesahau chungu, wazee wameachwa na nani. Macho yake yanabaki kijijini wakati kamera imekwisha kuondoka. Huruma ya filamu ile inafuata mashua, na hilo ni kosa lake kubwa, hata kama inachekesha na hata kama imezeeka vizuri.

Na kuna jambo ambalo fundi alilieleza baadaye, lililofanya wazee wasogeze viti. Meli ya vita ya Wajerumani inayozamishwa katika filamu ilitokana na meli ya kweli ya ziwa hili hili. C. S. Forester, aliyeandika kitabu cha hadithi hiyo mwaka 1935, alichukua mambo ya vita vya Tanganyika vya 1914 mpaka 1916. Meli ya kweli iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapelekwa kwa reli mpaka Kigoma na kuunganishwa tena.

Upande wa huku, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilifika kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume katika Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba katika barabara iliyokatwa na vibarua Waafrika, zikapita mto Lualaba, na mwishowe treni ikazileta Lukuga, yaani hapa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata boti ya Wajerumani iitwayo Kingani. Mwezi wa pili wa mwaka 1916 zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Fundi anashangaa kwamba hakuna aliyetengeneza filamu kubwa ya safari hiyo ya milimani. Labda ni kwa sababu wanaovuta kamba ndio wengi, na haingewezekana kuwaacha nje ya picha.

Götzen yenyewe haikulipuliwa na mtu yeyote. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao mnamo Julai 1916, baada ya kupaka mashini mafuta ili zisioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikatembea tena kwa jina la Liemba.

Hapo mama mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu jioni, alisema kwamba anaijua Liemba. Alirudi nayo kutoka Kigoma. Ni kweli kwamba mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, meli hiyo ilirudisha maelfu ya wakimbizi wa Congo kutoka Kigoma mpaka Uvira. Mwaka 2015 ilibeba Warundi waliokimbilia Kagunga. Mama mzee hakukumbuka mambo ya vita vya Wazungu. Alikumbuka kwamba alilala juu ya magunia, na kwamba mtoto wake alitapika usiku kucha. Chombo ambacho Hollywood ilikizamisha kwa furaha ndicho kilichomrudisha nyumbani. Hakuna Oscar iliyotolewa kwa safari ile.

«The Nun's Story» ya mwaka 1959, Audrey Hepburn akiwa mtawa muuguzi, ilipigwa kwa sehemu huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Iliteuliwa mara nane na haikupata hata moja. Fundi aliionyesha mara moja, watu wakasinzia. Yeye anaipenda kwa jambo moja tu: mtawa anakuja Congo akitaka kutunza Waafrika, na wakubwa wake wanamweka katika hospitali ya Wazungu. «Hapo hawakudanganya», anasema.

Juu ya «Rebelle», mambo hayakuwa mepesi. Ni filamu ya Kim Nguyen wa Canada, iliyopigwa hapa Congo, na iliteuliwa kwa Oscar ya filamu za kigeni za mwaka 2012. Rachel Mwanza, msichana aliyekuwa ameishi barabarani Kinshasa, alipata kwa filamu hiyo tuzo ya muigizaji bora mwanamke katika tamasha la Berlin. Fundi anamuweka juu ya waigizaji wote aliowahi kuona, Hepburn wote wawili wakiwemo, kwa sababu uso wake hauombi huruma ya mtu.

Lakini filamu inaanza na waasi kushambulia kijiji, na mtoto analazimishwa kuua wazazi wake. Dakika chache tu zilikuwa zimepita wakati msichana mmoja wa miaka kama kumi na mitano alisimama, akatoka nje, akaketi ukutani huku ameziba masikio. Fundi alizima. Vijana wengine walinung'unika, wakasema kama filamu inasema kweli, watu waione kweli. Shangazi yake aliwajibu kwamba kweli hiyo hawa watoto waliiona bila kukata tiketi.

Alifanya vizuri kuzima. Hilo halipunguzi filamu ile hata kidogo. Ni kazi nzuri, na mwisho wake, pale binti anaporudi kwao kuzika wazazi, unastahili kuonwa na kila anayesema vita vya Congo ni habari ya redio tu. Ila mwenye kuonyesha ana deni kwa waliokaa mbele yake. Tangu siku hiyo fundi anasema hadithi yote kabla hajawasha, hata kama anaharibu mwisho, na filamu za vita anazionyesha usiku kwa watu wazima waliokuja wakijua.

Pale anapokosea ni juu ya «Virunga». Hiyo ni filamu ya kweli, si ya kuigiza. Ilitoka mwaka 2014 na ikateuliwa kwa Oscar. Inaonyesha walinzi wa mbuga, tamaa ya mafuta ya petroli, na vita vya M23 vya mwaka 2012. Fundi anasema ni filamu ya sokwe: Wazungu wanalia juu ya nyama wa porini, wakati watu wanapita barabarani na magodoro vichwani. Wengi wa watazamaji wake walimuunga mkono, na hasira hiyo inaeleweka.

Hata hivyo, watu wale wenye magodoro wako katika filamu. Wanaonekana, wanakimbia, na kamera haiwaachi kama ilivyowaacha wale wa «The African Queen». Tena kuna André Bauma, mlinzi anayelea sokwe yatima, anayebaki nao Rumangabo wakati milio ya silaha inakaribia. Ni Mkongomani ndiye aliyebaki pale. Mmoja wa sokwe aliowalea, Ndakasi, alikufa mikononi mwake mwaka 2021. Mtu anayeweza kumfanyia hivyo mnyama hajasahau watu. Mama wa watoto wanne, yule wa swali, alisema jambo hilo kwa ufupi zaidi: mbuzi wake alimuacha mlangoni amefungwa kamba, na mpaka leo anamuota.

Fundi hakujibu. Aliinama juu ya kompyuta akatafuta filamu nyingine.

Watazamaji walipomuuliza angetoa Oscar kwa nani kama angekuwa na moja, hakutaja hata moja kati ya hizo. Alitaja «Maman Colonelle» ya Dieudo Hamadi wa Kisangani, iliyotoka mwaka 2017: colonel wa polisi, Honorine Munyole, anatoka Bukavu na kutumwa Kisangani kulinda watoto na wanawake waliotendewa jeuri. Haikuwa na Bogart wala mto wenye viboko. Mwanamke anafika kazini, anakuta ofisi mbovu, anaanza kufagia. Fundi anasema katika filamu hiyo hakuwa na kazi kubwa ya kueleza, watu walielewa wenyewe.

Jumamosi ijayo, kama jua litachaji betri, watoto wameomba «The African Queen» tena. Wanataka kuona pale Bogart anatoka majini mwili umejaa ruba. Mama wa watoto wanne amesema atakuja, ila amemuomba fundi asimamishe picha pale kwenye kijiji, kabla ya moto, ili waangalie nyuso za watu.