Wezi wa Sekunde

Kuna usemi umeingia vijiweni, na nasikitika kusema umeingia hata kwenye vikao vyetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi: "Aah, ni gemu tu bwana." Ukisema mtu fulani kadanganya rekodi, jibu ni hilo. Ukisema haikuwa haki kumtukana aliyemkagua, jibu ni hilo hilo. Mimi napinga, na ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa najua wapo washikaji watakaonimaindi.

Kwa msomaji asiyejua, spidirani, ambayo mimi naiita kukimbiza gemu, ni kulimaliza gemu kwa muda mfupi kuliko wenzako. Saa inaanza mchezo unapoanza, inasimama mchezo unapokwisha, basi. Uwanjani hakuna refa. Mchezaji yuko chumbani kwake saa nane za usiku, peke yake, na sisi wengine tunachopokea ni mkanda wake wa video na neno lake. Sasa niambie, mahali ambapo neno la mtu ndilo nusu ya ushahidi, utasemaje kwamba uongo si kitu?

Halafu watu hawajui jasho linalomwagika pale. Chukua Super Mario Bros., gemu la mwaka 1985 ambalo nadhani kila mtoto wa mjini kalicheza au kasimama nyuma ya aliyekuwa akilicheza. Mpaka Aprili 2021 ndipo mchezaji anayejiita Niftski aliposhuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Kwenye sehemu kubwa ya gemu hilo mashine huruhusu kuvuka hatua kila baada ya fremu 21, yaani kama theluthi moja ya sekunde. Ni kama daladala. Ukifika kituoni mapema kidogo au sana, unaondoka na gari lile lile. Kwa hiyo watu wanakesha miezi na miezi kutafuta theluthi moja tu ya sekunde. Nilipoelewa jambo hilo nilinyamaza kimya, mimi niliyedhani najua uvumilivu kwa sababu nimeandika sura ya kwanza ya riwaya yangu mara tisa kwenye daftari za kaunta.

Sasa njoo kwenye kisa cha Dragster. Ni gemu la magari la Activision la mwaka 1980, mashindano yenyewe ni ya sekunde chache tu. Mwaka 1982 Mmarekani Todd Rogers aliandikiwa rekodi ya sekunde 5.51. Rekodi hiyo ikakaa miaka 35. Akatajwa, akasifiwa, akaingizwa hadi kwenye kitabu cha Guinness. Hapakuwa na mkanda wa kuangalia. Kisha mwaka 2017 mtaalamu mmoja, Eric Koziel, akaifungua programu ya gemu lenyewe, akapiga hesabu za kila kinachoweza kufanyika mle ndani, akakuta muda wa chini kabisa unaowezekana ni sekunde 5.57. Januari 2018 Twin Galaxies, watunza rekodi wa siku nyingi, wakafuta rekodi zake zote, na Guinness nao wakamwondoa. Mwenyewe hakukubali kwamba alidanganya.

Nasikia kicheko. Sekunde 0.06! Haya, cheka. Lakini wapo waliofikia 5.57, yaani mwisho wa uwezo wa mashine, pasipo binadamu yeyote kuweza kuwapita, na miaka yote hiyo walihesabiwa wako nyuma ya namba isiyowezekana. Mtu alikuwa bingwa wa dunia na hakuambiwa. Nani atamrudishia miaka hiyo? Mimi mwaka juzi nilimpa mtu hadithi yangu fupi aniangalizie makosa, nikaja kuikuta imechapwa kwa jina lake, na pale nilipolalamika nikaambiwa nini? "Ni hadithi tu." Ni lugha ile ile! Anayesema "ni gemu tu" leo, kesho atasema "ni hadithi tu," na hapo sijui sisi tunaandika ili iweje.

Wakimbizaji wenyewe walilitambua mapema hili suala la ushahidi. Doom lilipotoka Desemba 1993 lilikuja na uwezo wa kurekodi mchezo kwenye faili dogo lenye kumbukumbu ya kila ulichobonyeza. Ukimtumia mwenzako faili hilo, kompyuta yake inaucheza mchezo wako upya, hatua kwa hatua. Hapo ndipo desturi ilipoanzia, kwamba usiniambie, nionyeshe. Na hapo hapo ikazaliwa desturi ninayoipenda kuliko zote, ya kutajana. Ukipita kwenye mwanya aliougundua mwenzako, ukuta unaopenyeka au mruko ambao waundaji hawakuukusudia, unasema wazi: huu kaugundua fulani. Hata kama fulani ni mzito wa vidole na hajawahi kushika hata nafasi ya hamsini. Waandishi wangapi hapa mjini wanaweza kusema "wazo hili nilipewa na fulani"? Msinijibu wote kwa pamoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hila ni dhambi. Kinachoniudhi ni kuificha. Juni 1997 kundi la wachezaji walitoa filamu iitwayo Quake done Quick, gemu zima la Quake limemalizwa kwa dakika 19 na sekunde 49 katika kiwang'o cha juu kabisa cha ugumu, na kila hatua ilichezwa peke yake kisha zikaungwa. Hakuna aliyewaita wezi, maana walisema tangu mwanzo kwamba ni vipande vimeungwa. Mwaka 2003 ukasambaa mkanda wa Mjapani anayejiita Morimoto akilimaliza Super Mario Bros. 3 kwa dakika 11 tu. Watu walipagawa. Kumbe aliutengeneza kwa kulipunguza gemu mwendo na kurudi nyuma kila alipokosea, na kwenye ukurasa wake alieleza. Waliousambaza ndio walioacha maelezo nyuma, na matusi yote yakamwangukia yeye. Leo kazi za namna ile zina jedwali lake na heshima yake, na hakuna anayezichanganya na za mikono mitupu. Tatizo lilikuwa lebo.

Kisa kilichonitia hasira zaidi ni cha Minecraft. Oktoba 2020 kijana maarufu anayejiita Dream, mwenye watazamaji mamilioni, alipeleka muda uliomweka nafasi ya tano. Wakaguzi wakaona bahati yake si ya kawaida. Wakakusanya michezo yake sita mfululizo aliyoitangaza moja kwa moja. Katika kubadilishana dhahabu kwa lulu alibahatika mara 42 kati ya 262, wakati programu ingempa kama 12. Vijiti vya moto alipata mara 211 kati ya 305, wakati kawaida ni nusu. Wakaandika ripoti ya kurasa 29: uwezekano wa bahati hiyo ni mmoja katika trilioni 7.5. Na wakaguzi hao, ndugu msomaji, hawalipwi hata senti. Wanajitolea. Asante waliyopata ni kuambiwa wana upendeleo, wana wivu, wanatafuta umaarufu. Mei 2021 Dream akakiri kwamba programu ya ziada iliyogusa bahati ilikuwamo kwenye kompyuta yake, ila akasema wakati anacheza hakujua. Sawa, hilo nimwachie yeye na moyo wake. Mimi nauliza tu: wale mashabiki waliotukana miezi yote ile, wangapi walirudi kusema samahani?

Na wapo wa upande wa pili, hao nao siwaachi. Kuna watu wakishaonja utamu wa kumnasa mwongo mmoja, kila anayewapita ni mwongo. Video ikiruka kidogo, "kaunga!" Sauti ikikatika, "kaunga!" Kama una shaka, ipeleke kwa wakaguzi kimya kimya na ushahidi wako. Kumtangaza mtoto wa miaka kumi na tano kuwa tapeli mbele ya kadamnasi kwa sababu kompyuta yake ilikwama ni unyama.

Kwa mdogo wangu anayetaka kuanza, maana najua wapo, nawaona kwenye vibanda vya gemu wakitazama dakika zao zikiisha: usiulize gemu gani lina rekodi rahisi. Swali hilo linawaudhi wakongwe, na wana haki. Chukua gemu unalolipenda kiasi kwamba kulirudia mara mia tano hakutakutia kichefuchefu. Soma kanuni zake kwanza, wapi saa inaanza, mianya ipi inaruhusiwa, maana gemu moja laweza kuwa na mashindano ya kumaliza tu, ya kukusanya kila kitu, na ya kumaliza bila mianya, na kila moja lina sheria zake. Jifunze njia ya wanaoanza kabla ya njia ya mabingwa. Peleka muda wako hata kama ni wa mwisho kwenye jedwali. Ukimtazama mtu anakimbiza moja kwa moja, usimwambie "yule bwana mwingine alipita hapa haraka zaidi," anajua, ndiyo maana anatokwa jasho.

Na siku rekodi yako ikivunjwa, mwandikie hongera kabla hujalala. Halafu kaa chini uangalie mkanda wake mwanzo mpaka mwisho, maana kuna kitu kakifanya kwenye hatua ya tatu ambacho wewe hukukiona.