Kobalti Haiuziki Bila Maabara

Mwandishi aliyetaka Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiache utafiti wa afya ya watoto, nguvu zote ziende kwenye biashara ya nje ya kobalti, amekosea tangu msingi. Biashara anayoipigania inaacha vumbi nyuma yake, na wanaolivuta ni watoto.

Huko Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, kobalti ilipatikana mwaka 2014 chini ya nyumba za watu. Mashimo yakachimbwa uani, hatua chache kutoka jikoni. Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wakapima vumbi la majumbani, damu na mkojo wa wakazi. Mwaka 2018 wakachapisha: kobalti ilizidi sana miilini mwa watoto, na dalili za madhara kwenye DNA zilionekana.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa hapa hapa Lubumbashi. Watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa walilinganishwa na 108 wasio nazo. Baba akiwa mfanyakazi wa madini, uwezekano wa kasoro ulikadiriwa kuwa zaidi ya mara tano ya ule wa watoto wengine. Idadi ni ndogo, kweli, na makadirio yana upana mkubwa. Basi tupime wengi zaidi!

Eti mnunuzi hajali? Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2023, inaweka wajibu kwa makampuni kuchunguza madhara ya kobalti yanayonunua. Ushahidi wa madhara hayo utatoka wapi kama si maabara zetu? Wauzaji waanze kwa kugharamia vipimo vya watoto wa Kasulo.